Kautuna, Mpokea Mbata Asiyekula kwa Watu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Ndugu Kautuna Beniata, mpokeaji mkuu wa mbata katika ghala letu la kaskazini, anakabidhi funguo na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Kwa muda wote aliokaa mlangoni pale, hakuna gunia la mbata lililotoka upande huu wa kisiwa kwenda mji mkuu wetu, Tarawa, bila yeye kulifungua mdomo, kuchukua kipande, kukivunja karibu na sikio na kukitafuna. Meno yake mawili ya mbele yameishia kazini, na serikali haijawahi kutaja fidia ya meno.

Makao makuu wameagiza wasifu huu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Mimi, Toreka Mweia, msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa, nimeahidi kujaribu. Panapochangamka nitachangamsha. Pasipochangamka nitasema mambo yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe ameusoma wasifu huu na kunirudishia bila kufuta neno. Alichosahihisha ni jina la nguruwe tu.

Alianza kazi akiwa kijana wa kubeba magunia kutoka ghalani hadi kwenye boti. Kwa kawaida mpokeaji huletwa kutoka kisiwa kingine, ili asiwe na shangazi wala mjomba wa kumlilia mlangoni. Lakini mpokeaji aliyeletwa kwetu mwaka ule alishuka melini akiwa bado anatapika, akalitazama ghala, akatutazama sisi, akapanda meli ile ile kurudi kwao. Kautuna, mzaliwa wa hapa hapa, akashikishwa kazi kwa muda. Makao makuu mpaka leo hawajaandika kwamba muda huo umekwisha.

Kwa vijana wa makao makuu waliokulia mjini, niwakumbushe kazi yenyewe. Mnunuzi wa ng'ambo hulipia mbata yetu, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, bei ya kutupa. Serikali huongeza ruzuku juu yake, tena huongeza nyingi kuliko alichotoa mnunuzi, ili sisi wa visiwa vya nje tupate cha kuishia na tusihamie wote Tarawa kukaliana mabegani. Sharti ni moja: mbata iwe kavu, ikivunjwa ilie. Mbichi ikiingia melini huoza, hupata joto, na huweza kuwasha moto tumboni mwa meli. Shehena ikiharibika, ghala lililoituma hufungwa, na upande mzima wa kisiwa hukosa bei.

Sharti hilo ni jepesi kulisoma. Kulitekeleza ndiko kuna kazi, kwa sababu ya bubuti. Jamaa akikutazama usoni akakuomba kitu kwa neno hilo, humkatai, kiwe ni baiskeli, kiwe ni shoka, awe ni mtoto wa kulea. Ukikataa, anayeaibika si yeye, ni wewe, na aibu hiyo hukaa na watoto wako. Tena kwa hesabu za wazee wetu ruzuku yenyewe ni bubuti: serikali ni jamaa yetu tajiri wa Tarawa, tumemwomba, ametupa. Mzee mmoja aliyerudishiwa magunia yake alimwambia Kautuna mbele ya foleni nzima, "Aliyetupa ni serikali, na wewe ni mkono wake tu. Tangu lini mkono ukabishana na mwenyewe?" Foleni ilicheka. Kautuna naye alicheka, na magunia yakarudi nyumbani.

Basi akajitungia dawa yake. Aliona kwamba mtu uliyekula kwake ana njia iliyonyooka ya kukujia, kwa hiyo akaacha kula kwa watu. Hakupokea samaki, hakupokea dafu, hakuonja hata kipande cha babai, gimbi letu la mashimoni, katika sherehe ya mtoto. Akikaribishwa alishika tumbo akasema, "Nimeshiba." Na kwa kuwa anayeomba huombwa, yeye mwenyewe hakumwomba mtu kitu chochote, hata moto wa kuwashia sigara. Aliacha sigara. Mchana alikaa juu ya gunia tupu akala wali baridi na samaki wa kopo, peke yake, mgongo ukiielekea barabara.

Wanaojua kwetu wanajua maana ya mtu kukataa chakula. Watoto walimpachika jina la Nimeshiba, na jina likamganda kuliko alilopewa na baba yake. Katika maneaba, ukumbi wetu ambamo kila ukoo una mahali pake pa kukaa tangu enzi za mababu, mahali pake palikuwa kando ya kaka yake mkubwa, Teweia. Kautuna alifika shughuli ikiwa katikati, akakaa nje ya nguzo kama mgeni, na sahani zilipoanza kupita alikuwa ameshaondoka. Watu walimtania kwanza, kisha wakamzoea, kisha wakaacha kumtazamia. Hilo la mwisho ndilo baya.

Sasa nichangamshe kidogo. Bei ikipanda, magunia huwa mazito kwa namna za ajabu. Kautuna amewahi kutoa ndani ya gunia mchanga, chuma cha baiskeli, na kuku aliyekuwa bado anapumua. Lakini zaidi alitoa mawe ya matumbawe. Hakumsuta mtu wala hakumpeleka kwa polisi. Alilipanga jiwe kando ya njia ya kuingilia ghalani, akalipaka chokaa. Leo njia ile ina mawe pande zote mbili kuanzia barabarani hadi mlangoni, na wageni wa serikali huisifu kwa usafi. Wenyeji wanajua lipi ni la nani. Mtu akianza makuu kijijini huambiwa, "Babu yako ni la tatu kushoto."

Halafu kuna nguruwe wa mchungaji, ambaye nimeambiwa aliitwa Kapteni na si Meja. Kapteni aliingia ghalani Jumapili wakati bwana wake akihubiri juu ya tamaa, akala mbata mpaka akashindwa kutoka mlangoni. Mchungaji alitaka nguruwe wake. Kautuna alimjibu kwa adabu kwamba Kapteni kwa sasa ni mali ya serikali, maana ndani yake mna shehena iliyokwisha kupokelewa. Mambo yalimalizika kwa mchungaji kuleta mbata yake mwenyewe, kavu, sawa na iliyoliwa. Ilipovunjwa karibu na sikio ililia vizuri, nao wakapeana mikono.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Kautuna anayeondoka Ijumaa si mtu wa nguruwe na chokaa tu, na tukimsifu kwa hayo tukanyamazia lingine tutakuwa hatujamuaga.

Kuna mwaka mmoja, redio ilipotangaza kwamba bei ya kilo imeongezwa maradufu, kisiwa kilipagawa. Waswahili wana neno lao kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wetu hawakulitia maji, waliliacha lining'inie mnazini wakaenda kufua nazi. Mashimo ya babai yaliota majani. Timu ya mpira ilicheza bila golikipa. Nazi zilizoanguka zilipokwisha, watu walianza kupanda juu na kukata makoroma. Mtoto wa chekechea anajua kwamba nazi iliyokomaa huanguka yenyewe na kwamba koroma halitoi mbata. Nyama yake ni laini, hata uianike vipi hujikunja tu. Mwaka ule watu wazima walilisahau hilo, na Teweia alikuwa mmoja wao.

Teweia hakuwa na tamaa. Binti yake Tebora alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Tarawa, wa kwanza katika ukoo wao, na meli ya kuwachukua wanafunzi ilikuwa inatazamiwa juma lile lile. Ilibaki nauli na ada ya kwanza. Alikata makoroma, akayaanika kwa haraka, akayamalizia juu ya moto wa vifuu, akaja na mkokoteni wa magunia sita huku Tebora akisukuma nyuma. Nilikuwa mlangoni na sindano yangu ya kushonea magunia. Nilimwona Kautuna akichukua kipande na kujaribu kukivunja. Kilipinda. Alichukua kingine katika gunia la pili, nacho kikapinda kama ngozi ya kiatu. Alimwambia kaka yake taratibu kwamba irudi juani.

Teweia alivua kofia. Kaka mkubwa kumvulia mdogo wake kofia kwetu si jambo dogo. Akasema, "Kautuna, nakuomba. Hii ni bubuti."

Aliyekuwa akipiga soga nyuma ya foleni alichomwa kiwiko akanyamaza. Nadhani hapakuwa na mtu pale aliyekumbuka ukavu wa mbata tena. Tulikuwa tukitazama kama ndugu atamkataa ndugu.

"Sina cha kukupa, kaka," Kautuna alisema. "Hii si yangu."

Teweia alirudisha kofia kichwani, akageuza mkokoteni. Tebora alitazama chini muda wote. Walianika ile mbata siku hiyo hiyo, na kesho yake mvua ilianza, ikanyesha mpaka meli ilipokuja na kuondoka. Ukungu mweusi ukaila mbata yote. Nafasi ya Tebora mwaka uliofuata ilikuwa imeshapewa mwingine. Leo ana watoto wanne na anakausha mbata nzuri kuliko wote wa kaskazini. Sijamsikia akilalamika. Lakini mtu akikatwa na shoka au mtoto akichomwa na samaki, ni yeye anayeitwa, na anavyolifunga jeraha kwa utulivu mimi hutafuta mahali pengine pa kutazama.

Kautuna alikuwa sahihi, na hilo lazima liandikwe. Ghala la kusini msimu ule lilipokea kila kilicholetwa, makoroma kwa maji yake. Shehena yao ilianza kutoa moshi kabla meli haijafika Tarawa, ikamwagwa baharini, na ghala likafungwa kwa mwaka mzima. Watu wa kusini walikaa bila bei, wakija kwetu kukopa sukari. Letu halikufungwa. Kaskazini tulikula ruzuku mwaka ule wote, Teweia akiwamo, naye alikuwa akileta mbata kavu kwa mdogo wake, akisalimia vizuri, akisema idadi ya magunia, akiondoka. Hakumtukana hata siku moja. Wala hakumwomba kitu tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, miaka kwa miaka. Novemba iliyopita Teweia akafariki, kwa ugonjwa wa sukari ambao siku hizi unatumalizia watu. Kautuna alipeleka mchele na shuka nzuri ya kumfunikia, akakaa nje ya nguzo, na chakula cha msiba kilipotolewa akainuka. Safari ile hakuna aliyecheka wala kutaja Nimeshiba.

Siku chache baada ya mazishi nilimkuta ghalani mchana, kopo la samaki liko wazi mbele yake na hajaligusa. Nilidhani anaumwa. Aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Toreka, nauli ya yule mtoto nilikuwa nayo. Ilikuwa mfukoni mwangu, mshahara wangu mwenyewe. Ile mbata isingeingia melini na Tebora angepanda. Sikuliwaza hilo hata kidogo."

Nikamwambia mambo yalikwenda haraka mno siku ile. Akatikisa kichwa.

"Mlango wa ghala ulikuwa wa serikali. Mlango wangu ulikuwa wangu. Mimi niliifunga yote miwili kwa ufunguo mmoja, nikajiona mwaminifu."

Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa na hilo ndilo jambo refu kuliko yote aliyowahi kuniambia lisilohusu mbata.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alinijia akaniuliza kama nina nafasi ya kumsindikiza kwa shemeji yake Riteta, mjane wa Teweia. Nikauliza kuna nini. Akasema anataka kwenda kuomba na hajui huanzwa vipi. Nilidhani ananitania. Mtu wa miaka sitini, mzaliwa wa visiwa hivi, alikuwa hajawahi kutamka bubuti na mtu yeyote tangu ashike funguo za ghala. Njiani alijaribu maneno. Aliyaanza kwa heshima mno, kama hotuba ya kumpokea waziri, nikamwambia ayapunguze. Akayapunguza mpaka hayakubaki. Barabarani tukapita yanapoanzia yale mawe ya chokaa, naye akasimama kwenye moja kama anapumzika, na sikumharakisha.

Riteta alikuwa kwenye kitanda chake cha nje akisuka mkeka wa majani ya mkadi, Tebora pembeni akiyalainisha majani. Walitutandikia mkeka mwingine, wakatukaribisha. Mimi nilikaa. Yeye alibaki amesimama, kofia mkononi, na nikakumbuka ni wapi nilimwona mtu mwingine amesimama hivyo.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kuomba. Ni bubuti."

Riteta hakuinua macho kwenye mkeka. "Unaomba nini?"

"Mahali pa kukaa, kando ya mahali pa kaka. Na chakula."

Nilitazamia amkatae, na kusema kweli nisingemlaumu. Alisuka mstari mmoja mpaka mwisho. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemtuma mtoto dukani, "Kila shughuli kaka yako alikuwa akikutengea sahani. Miaka yote hiyo. Nikimwambia huyo haji, anasema mtengee. Watu wakishaondoka naichukua nawalisha watoto. Hata shughuli ya mwisho kabla hajalala kitandani, alikutengea."

Kautuna alikaa chini pale pale, mchangani, si kwenye mkeka, akaiweka kofia juu ya goti lake. Katika wasifu wa namna hii haiandikwi kwamba mhusika alilia, kwa hiyo siandiki.

Tebora aliinuka akaingia jikoni. Alirudi na samaki wa jana, babai iliyopoa, na kikombe cha maji yaliyotiwa asali ya mnazi. Aliviweka mbele yake kwenye mkeka, ikabidi asogee juu ili avifikie. Alimwambia, "Kula, baba mdogo." Ukavuma upepo, majani ya mkadi yakatawanyika, na Riteta akaniita nimsaidie kuyaokota. Nadhani aliniita makusudi, ili mtu asitazamwe akila.

Alikula yote. Alipomaliza Tebora alimuuliza kama ameshiba, na nikaona mdomo wake ukilitafuta lile neno la miaka thelathini. Akasema, "Bado nina njaa." Akaongezewa.

Teweia hakulisikia hilo, na hakuna namna ya kumsikilizisha. Sahani alizotenga ziliwalisha wengine. Meli ya Tebora iliondoka zamani. Ndugu Kautuna anajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana hakuyafuta.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa ghala la kaskazini, wapagazi, washonaji na sisi tuliotafuniwa mbata siku zote, tunakushukuru, Ndugu Kautuna. Ghala hili halikufungwa hata msimu mmoja mikononi mwako, na kuna watoto wengi upande huu waliosoma kwa bei uliyoilinda. Mpokeaji mpya anatoka kisiwa kingine, ana meno yake yote, na tumeshamwonyesha njia ya mawe. Tumemwambia pia kwamba ghala lina ufunguo wake na nyumba yake ina ufunguo mwingine.

Afya, amani na neema zikufuate. Shughuli ya kukuaga ni Ijumaa katika maneaba, jua likipungua. Riteta ameshatandika mkeka mpya mahali pa ukoo wenu, na sahani tumekwisha kuitenga. Njoo mapema, ukae ndani ya nguzo, na chakula kikipita usituambie umeshiba.